Kilima cha Pili

Neno lenyewe lilikuwa dogo: vumbi. Daktari alilitamka Jumatatu asubuhi kwenye kikao cha maabara, mbele ya watu kumi na mmoja, huku akichezea kifuniko cha kalamu, na hakuna aliyeshtuka isipokuwa mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka kola inasimama yenyewe. Wenzake walimwita Bi Vichupa. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuosha vyombo vyote vya kioo vya maabara ile, kupima na kuchanganya kemikali, na kuhakikisha kwamba kichupa kinachoingia kwenye mashine hakina kitu ndani ila kile kilichotakiwa kiwemo. Kumwambia yeye kwamba vichupa vyake vina vumbi ni sawa na kumwambia mpishi kwamba amekutwa akitemea mate sufuria.

Na aliyesema hivyo hakuwa mtu baki. Daktari alikuwa mtoto wa dada yake mkubwa, marehemu, na Bi Vichupa ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Alimwogesha, alimkata kucha, alimuuguza surua na matumbwitumbwi, na siku za mvua alimbeba mgongoni hadi shuleni ili viatu visilowe. Sasa ndevu zimeota, shahada tatu zinaning'inia ukutani, na mdomo umepata nguvu ya kumvua nguo mlezi wake mbele ya kadamnasi. Kama hilo halimpandishi mtu hasira, basi mtu huyo anafaa kuhifadhiwa kwenye jokofu pamoja na sampuli.

Ili ugomvi huu ueleweke inabidi zielezwe nyota zilizokuwa ndani ya vichupa hivyo, na wala si jambo gumu. Ni wasomi tu wanaopenda kulifanya gumu. Hazikuwa nyota za angani. Zilikuwa polima, yaani molekuli ndefu, ambazo Daktari alizitengeneza mwenyewe kwenye chupa yenye shingo tatu. Kila moja ilikuwa na kitovu, na kwenye kitovu mikono minane imechomoza pande zote. Sehemu ya mkono iliyo karibu na kitovu ilikuwa na asili ya mafuta, haitaki maji hata kuyasikia. Sehemu ya nje iliyapenda maji. Daktari alikusudia kuficha dawa ya matone ya macho mle katikati, kwenye mafuta, na mikono ya nje iisafirishe majini bila taabu. Akaahidi kwa mdomo na kwa maandishi, kwa Mkuu wa maabara na kwa hospitali iliyokuwa ikiyasubiri matone hayo, kwamba ndani ya maji kila nyota itakaa peke yake.

Hapo alijichongea. Nyota zikiwa nyingi majini, zile sehemu za mafuta hazifichiki vya kutosha. Zinayakimbia maji, na kwa kuyakimbia zinatafutana. Nyota mbili zinajibanza pamoja, inakuja ya tatu, ya kumi, ya hamsini, mpaka linakuwa bonge. Jicho haliwezi kuliona bonge moja, lakini mashine ya mwanga inaliona. Mashine hiyo hupitisha mwale wa leza ndani ya kichupa, husoma jinsi mwanga unavyocheza, kisha huchora grafu yenye vilima. Kilima cha kushoto, kwenye nanomita kumi na mbili, maana yake ni nyota moja moja. Kilima cha pili, kule kulia karibu na mia mbili, maana yake kuna vitu vikubwa vinavyoelea. Bahati mbaya ni kwamba vumbi nalo huchora kilima upande huohuo wa kulia.

Daktari hakupenda kilima cha pili kionekane, kwa hiyo alikuwa na desturi yake. Alivuta maji yenye nyota kwa bomba la sindano, akayasukuma kupitia kichujio chenye matundu ambayo bonge haliwezi kupita, kisha akapima ndani ya dakika kumi. Nyota moja moja zilipita, mabonge yalinasa kwenye kichujio, na kichujio kikatupwa. Grafu ilitoka na kilima kimoja, safi, ya kupendeza kama picha ya harusi. Hivyo ndivyo alivyofanya kwa miezi mingi, na hivyo ndivyo ripoti zake zilivyonenepa.

Lakini wiki ile grafu moja ambayo haikuchujwa ilisahaulika kwenye mashine ya kuchapa, nayo ikachanganyika na karatasi zilizokwenda hospitalini. Hospitali iliuliza kilima hiki cha pili ni nini. Mkuu wa maabara, mama mmoja mtulivu aliyezoea kuuliza swali mara moja tu, aliliuliza kikaoni. Daktari akasema ni vumbi. Akaongeza, kwa sauti ya mtu mwenye huruma, kwamba vichupa siku hizi havioshwi kama zamani, na kwamba fundi wetu labda amechoka kidogo.

Kuchoka! Mtu ambaye huosha kila kichupa mara saba, mara ya tatu kwa asidi, mara ya mwisho kwa maji yaliyochujwa, kisha akakifunika kichwa chini kwenye kabati lisilofunguliwa na mtu mwingine. Bi Vichupa hakusema kitu kikaoni. Alijua akifungua mdomo yatatoka mambo ya nyumbani.

Jumatano ikaja barua. Ilitaka akiri kwa maandishi kwamba alizembea kuosha vyombo, ili maelezo hayo yatiwe kwenye jalada la hospitali. Akisaini, atabaki kazini kwa onyo. Asiposaini ndani ya siku kumi na mbili, mkataba wake unaokwisha mwezi huo hautaendelezwa. Chini ya barua palikuwa na saini ya Mkuu, na juu yake, kama mtu aliyependekeza, saini ya Daktari, ileile aliyojifunzia kwenye ukingo wa magazeti ya mama yake mdogo.

Bi Vichupa alikwenda ofisini kwa Daktari kwa adabu, akabisha hodi kama mgeni. Daktari alifunga mlango, akashusha sauti, akamwita mama mdogo. Kazini alikuwa akimwita fundi. Akamwambia asiwe na wasiwasi, hiyo ni karatasi tu, yeye mwenyewe atahakikisha hamwagi unga. Akasema hakumwita yeye mchafu, aliviita vichupa. Bi Vichupa alimtazama, akaona kijana mwenye shingo ya dada yake na maneno ya mwanasheria, akatoka bila kuaga.

Mume wake, fundi wa makochi, alimsikiliza jioni hiyo huku misumari ikiwa imebanwa midomoni na nyundo mkononi. Alipopata nafasi ya kusema alisema asaini. Mtoto ni wetu, akasema, mambo ya ndani yasitoke nje, na saini haiondoi nyama mwilini. Bi Vichupa akamuuliza: akija mteja akasema makochi yake yana kunguni, na akataka aandike hivyo kwa mkono wake mwenyewe, ataandika? Mzee alitema misumari kiganjani, akafikiri.

"Hiyo ni tofauti," akasema.

"Tofauti yake nini?"

Alifikiri tena, akairudisha misumari mdomoni. Hakuzungumzia tena habari ya kusaini.

Sasa, Bi Vichupa alikuwa na tabia moja ambayo maabara nzima iliichekea. Hakuosha kichupa siku kilipotumika. Kila kichupa kilichopimwa alikifunga, akakiandika tarehe, akakipanga kwenye rafu ya dirishani, kikakaa wiki nzima ndipo kikamwagwa. Alianza hivyo zamani, baada ya mtafiti mmoja kuja mbio akitaka arudishiwe sampuli ambayo tayari ilikuwa imeshaishia kwenye bomba la sinki. Wenzake waliiita rafu hiyo mochari. Yeye aliwaacha wacheke, kwa sababu kwenye rafu hiyo amewahi kuona mambo mengi ambayo waliokuwa na haraka hawakuyaona.

Na kwenye rafu hiyo, Alhamisi asubuhi, akiwa bado amefura, alikiinua kichupa cha wiki iliyopita akakielekeza dirishani. Kilikuwa cha nyota za Daktari, zilizochujwa na Daktari mwenyewe. Siku kilipowekwa pale kilikuwa angavu. Sasa maji yalikuwa na ukungu hafifu, kama maji ya mwisho ya kuoshea mchele. Akachukua cha pili, na cha tatu, vyote vya nyota, vyote vimechujwa: ukungu uleule. Akachukua kichupa cha maji matupu cha tarehe hiyohiyo, alichokiosha kwenye beseni hilohilo. Kilikuwa angavu.

Alisimama pale muda mrefu. Kama ni vumbi, lilichujwa lote wiki iliyopita. Kifuniko hakijafunguliwa. Vumbi jipya limetoka wapi? Vumbi halina mume wala mke, haliwezi kuzaana ndani ya chupa iliyofungwa. Lakini nyota zikiachwa humo kwa siku kadhaa zina muda wa kutafutana upya. Kichujio kiliyaondoa mabonge, hakikuondoa tabia ya nyota. Ndiyo maana Daktari alipima ndani ya dakika kumi, kabla hazijapata nafasi ya kurudiana.

Angeweza kukimbilia kwa Mkuu saa ileile. Lakini alijua jibu lingekuwa lipi: hivyo vichupa ni vyako, umeviosha wewe, vumbi ni lako. Mtu akishapakwa matope, hata akinyoosha mkono kuonyesha njia wataangalia kucha. Alihitaji vichupa ambavyo mkono wake haujavigusa, na shahidi ambaye hakuna anayeweza kusema amemhonga.

Shahidi huyo alikuwepo. Bwana Stoo, mtunza ghala wa maabara, alikuwa mtu wa kugawa glavu moja moja kana kwamba anatoa figo. Hakumwamini Mkuu, hakumwamini mlinzi, na inasemekana alihesabu vijiko nyumbani kwake. Bi Vichupa alimweleza shida yake yote, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, Bwana Stoo alifungua katoni mpya bila kudai fomu tatu. Alisema hampendelei. Alisema tu kwamba katika ghala lake hakuna uchafu, na kama kuna mtu anasema upo, yeye naye ametukanwa.

Mchana, watu wakiwa wamekwenda kula, waliingia wawili kwenye chumba cha mashine. Vichupa sita vilitoka kwenye katoni ya kiwandani, na Bwana Stoo ndiye aliyevifungua kwa mikono yake yenye glavu. Vitatu vikatiwa maji matupu yaliyochujwa. Vitatu vikatiwa maji yenye nyota, yaliyochujwa kwa vichujio vipya vya aina ileile aliyotumia Daktari. Vikafungwa, vikapimwa vikiwa vimefungwa, kwa kuwa leza hupita kwenye kioo. Maji hayakuchora kitu. Nyota zilichora kilima kimoja, cha kushoto. Kisha Bwana Stoo akabandika karatasi ya gundi juu ya kila kifuniko, akaweka saini na tarehe na, kwa kuwa hakujiamini hata yeye mwenyewe, alama ya dole gumba. Akavifungia kwenye kabati la chuma na ufunguo akautia kwenye soksi.

Siku tano zilipita, na hazikupita kirahisi. Daktari alikutana na Bi Vichupa kwenye korido akamuuliza kama ameshaisoma barua vizuri, kana kwamba ni swali la afya. Wasaidizi wawili wa utafiti walianza kusuuza upya vichupa alivyowapa, mbele yake, bila hata aibu. Hilo lilimuuma kuliko barua. Kila sauti ya maji kwenye sinki ilimchoma, na kila alipochomwa alinyamaza, na kila aliponyamaza alihisi meno yake yatavunjika kwa kusagana.

Jumanne mchana walirudi kwenye chumba cha mashine. Bwana Stoo alikagua saini zake, akakagua dole gumba lake, akaridhika. Wakaweka kichupa cha kwanza cha maji: hakuna kitu. Cha pili, hakuna kitu. Cha tatu, hakuna kitu. Wakaweka cha kwanza cha nyota. Mashine iliguna kwa dakika mbili, kisha kwenye skrini kikatokea kilima cha kushoto, kidogo sasa, na kule kulia, kwenye mia moja na tisini, kikainuka kilima cha pili, kimenona. Vichupa vingine viwili vikasema hivyohivyo. Bwana Stoo alijikuna kidevu akasema basi, kazi imekwisha, akaenda kuandika kwenye daftari lake.

Ingeishia hapo, hasira yake ingekuwa ya kawaida, ya mtu aliyesingiziwa na kijana asiyejua, na ya namna hiyo hupoa. Lakini kompyuta ilimtaka achague mahali pa kuhifadhi grafu, na alipofungua orodha akaona jalada la Daktari. Ndani yake kulikuwa na faili lenye jina "usitumie". Lilikuwa la Jumamosi moja, miezi mitatu iliyopita. Chini yake kulikuwa na "usitumie 2", na la tatu, na la nne. Alifungua la kwanza. Mashine ile huandika kila kitu pembeni mwa grafu: nyota, zilizochujwa, zikakaa siku saba, vichupa vipya kutoka kiwandani. Vilima viwili. Faili la pili, siku tatu. Vilima viwili. Daktari alikuwa ameshafanya jaribio hilihili mara nne, peke yake, siku ambazo hakuna mtu kazini, na akapata jibu hilihili.

Bi Vichupa aliketi kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu, kikarudi nyuma kidogo, akakishikilia kwa miguu. Alisoma tarehe mara nne. Miezi mitatu iliyopita. Neno vumbi lilisemwa wiki iliyopita. Kwa hiyo siku anasema, alijua. Siku anaandika barua, alijua. Siku anamwita mama mdogo kwa sauti ya chini nyuma ya mlango uliofungwa, alijua. Damu ilimpanda kichwani mpaka masikio yakawasha. Akanyanyua simu ya ukutani, akampigia Daktari ofisini, akamwambia aje.

Alikuja akiwa bado anatafuna kitu. Alipoona skrini aliacha kutafuna, akaurudisha mlango taratibu.

"Ulijua," Bi Vichupa akasema.

Daktari alianza kueleza. Alisema mizani ya nyota na mabonge ni jambo la kitaalamu, kwamba data zilikuwa za awali, kwamba kuna mambo ya joto na ya ujazo. Bi Vichupa alimwacha amalize, kama vile zamani alivyomwacha amalize kulia kabla ya kumpa dawa, kisha akarudia neno lilelile.

"Nilijua," Daktari akasema.

"Kwa nini mimi? Kuna wasaidizi sita hapa. Kuna mashine, ungeisingizia mashine. Kuna umeme. Kwa nini mimi?"

Daktari alipojibu hakuwa na kiburi, na hicho ndicho kilichokuwa kibaya. Alisema polepole, kwa upendo kabisa, kama mtu anayemsifu mwenzake.

"Kwa sababu mwingine yeyote angenishtaki. Wewe ni mama yangu. Nilijua utakasirika, kisha utanisamehe."

Miaka thelathini ya kuogesha, kulisha, kufua, kuuguza, kulipia na kunyamaza, na mtoto huyu alikuwa ameiangalia yote akaona ina faida moja: pale pana mtu wa kumtupia taka, na hatalalamika. Hakumchagua kwa kumchukia. Angemchukia, ingekuwa nafuu.

Daktari, akidhani ukimya ule ni huruma, aliongeza kasi. Akasema anahitaji miezi sita tu. Ataufupisha mkono upande wa mafuta, atairefusha sehemu ya nje, nyota zitaacha kushikana, na hakuna atakayejua. Mabonge yenyewe si sumu. Tatizo ni kwamba yanabeba dawa nyingi mahali pamoja, kwa hiyo tone moja linaweza kuwa na dawa tele na tone lingine likawa maji matupu. Lakini kabla ya wagonjwa kuanza atakuwa amerekebisha. Mkuu akijua sasa atamwondoa kwenye mradi. Akamwomba asaini.

"Wagonjwa wanaanza lini?" akamuuliza.

"Mwezi wa tisa."

"Na miezi sita kuanzia leo ni mwezi wa ngapi?"

Daktari alikuwa na shahada tatu na hesabu hiyo haikumshinda. Miezi sita ilivuka mwezi wa tisa.

"Nenda kwa Mkuu wewe mwenyewe," Bi Vichupa akasema. "Nenda sasa hivi, nikiwa bado nimekaa. Nikishasimama nitakwenda mimi."

Alisubiri. Alimpa dakika nzima, akaiangalia ikipita kwenye saa ya ukutani, na katika dakika hiyo, pamoja na hasira zote, aliomba kimoyomoyo kwamba miguu ya kijana yule isogee. Daktari alimwita mama mdogo mara mbili. Hakusogea. Bi Vichupa akasimama, akapanga vichupa sita kwenye trei, akachapa grafu zote, zake na zile nne, akatoka. Bwana Stoo alimkuta kwenye korido na daftari kwapani, akamfuata bila kuuliza.

Mkuu alisoma kila kitu polepole. Alikagua saini, akalinganisha tarehe, akainua kichupa dirishani. Kisha akapiga simu hospitalini, akasimamisha mradi wa matone mbele yao wote wawili, kwa maneno machache. Alipokata simu, aliitoa nakala ya barua kwenye jalada akaichana. Akamwambia Bi Vichupa kwamba mkataba utaendelezwa, na kwamba kilichopatikana kwenye vichupa vile ni cha maana: watu wengi wanachuja na kupima papo hapo, na wanajidanganya kwamba nyota zimetulia. Daktari ataondolewa kwenye mradi. Akasema sasa kwa heshima ya maabara, na kwa kuwa ni mambo ya familia pia, wayamalize hapohapo, watu watatu, kimya kimya.

Bi Vichupa alimshukuru, akasema hapana.

Akasema aliitwa mchafu mbele ya watu kumi na mmoja, na wengi wa hao hawamo ndani ya chumba hiki. Wawili kati yao wanasuuza upya vichupa vyake hivi sasa. Hata akipewa mikataba kumi, atakufa akiwa yule mama wa vumbi. Anataka lisemwe palepale liliposemwa, na alisemaye awe yuleyule. Mkuu alivua miwani, akasema taratibu kwamba hilo litammaliza kijana.

"Angenimaliza mimi, Mkuu, ungesema hivyo?"

Mkuu alivaa miwani tena, akaandika kitu kwenye kalenda yake.

Usiku hakuna aliyepiga simu, wala kesho yake. Mume wake alimuuliza mara moja tu kama ana hakika, na alipoona jicho lake akarudi kwenye makochi. Jumamosi alikuja shangazi wa Daktari, wa upande wa baba yake, kusuluhisha, akanywa chai, akasema mtoto ni mtoto. Bi Vichupa akajibu kwamba mtoto wa miaka thelathini na minne ni mwanamume, akamsindikiza mpaka barabarani.

Jumatatu watu wote kumi na mmoja walikuwepo. Mkuu alifungua kikao kwa sentensi moja akampa Daktari nafasi. Daktari alisimama. Alikuwa amenyoa ndevu, na uso wake bila ndevu ulikuwa mdogo.

Alisema kulitokea mkanganyiko katika tafsiri ya matokeo.

"Sema kwa lugha ya watu," Bi Vichupa akasema. Hakupaza sauti.

Daktari alimeza mate. "Vichupa havikuwa na vumbi."

"Vilikuwa na nini?"

"Nyota. Zilikuwa zimeshikana."

"Ulijua tangu lini?"

"Miezi mitatu."

"Na ukasema nini?"

Mtu mmoja alikohoa, kiti kikalia. Mkuu alikuwa ametazama meza. Daktari alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Nilisema ni uchafu wako," akasema. "Nilidanganya. Niliona wewe ndiye hutanifanya kitu."

Kisha akalia. Hakulia kiutu uzima, kwa kugeuka pembeni na kujifanya kuna kitu kimeingia jichoni. Alilia kwa uso mzima, amesimama, mikono inaning'inia, pua inatiririka, na hakuna aliyejua aangalie wapi. Halafu mmoja mmoja wakamgeukia Bi Vichupa, kwa sababu wote walijua ni mtoto wa nani, na walingoja ainuke.

Mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni mwa koti. Haukumwomba ruhusa, ulikuwa umefanya kazi hiyo miaka thelathini na ulijua leso iko wapi. Aliikuta, akaikamata, akaibana kwenye ngumi mpaka kucha zikamwingia kiganjani. Aliumia kwa ajili yake, na alikuwa na hasira naye, na hasira ilikuwa kubwa zaidi. Daktari alimtazama akisubiri. Machozi yakamfika kidevuni, kamasi zikamfika mdomoni, na mama yake mdogo bado ameketi. Mwishowe akajipangusa mwenyewe, kwa mkono wa koti lake jeupe.